Nilimwambia Alibonyeza Vibaya

Ndugu wasomaji, nina umri wa miaka sitini na tisa. Mke wangu alifariki zamani, watoto wangu wana maisha yao, na katika umri huu mtu hutarajiwa kukaa akiwaonya vijana. Mimi leo sina wa kumwonya. Naandika kuungama!

Nilisoma hadi kidato cha nne mjini Jinja, kisha nikaajiriwa kuwa karani katika magereza. Huko ndiko nilikokijua Kiswahili, kwanza kwa kukemewa nacho, baadaye kwa kukiandika. Hadi leo watu wananiita Afande, ingawa sikuwahi kushika bunduki. Nilishika taipu. Nasema haya ili mjue kwamba kazi ya karatasi niliijua vizuri sana. Ndiyo maana kosa langu halina kisingizio.

Marehemu kaka yangu aliacha binti mmoja. Hapa nitamwita Sauda. Siku ya msiba nilisimama mbele ya watu nikasema, huyu kuanzia leo ni wangu. Alikuwa bado msichana wa shule. Nadhani mimi nilisema maneno yale kwa sababu watu walikuwa wananitazama, lakini yeye aliyachukua akayaweka moyoni. Alikuwa akiniita Baba Mdogo kwa heshima ambayo hata watoto niliowazaa hawakunipa.

Sauda alikuwa na akili ya sayansi. Alisoma mpaka akawa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu huko Mbale, akapanga nyumba Nabuyonga, akawa anawafundisha wale wanaokwenda kuwa walimu wa shule za msingi. Tulijivunia. Nyumbani kwetu Mpumudde, hapo Jinja, kila mgeni aliyekuja aliambiwa habari zake kabla hajapewa chai.

Halafu macho yakaanza...

Madaktari walisema ni presha ya macho. Walimpa dawa za matone, wakampasua, wakampa matone mengine. Mumewe aliondoka kabla macho hayajaondoka. Alipofika miaka thelathini na minane, Sauda alikuwa haoni hata mwanga wa mlangoni.

Baadhi ya wenzake chuoni walitaka ahamishiwe stoo, akasimamie chaki na madaftari. Sauda aliwajibu kikaoni, “Kama siwezi kufundisha kwa sababu sioni, hizo chaki nitazihesabu kwa kunusa?” Walicheka, na Mkuu wa chuo, mwanamke mkali lakini mwenye haki, akampa muhula mmoja. Chuo kilikuwa kimepata kompyuta yenye programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Masomo yake yote yawekwe humo. Mwisho wa muhula watakuja wakaguzi kutoka Kampala, watakaa darasani, watamwona akifundisha. Wakiridhika, atabaki darasani. Wasiporidhika, atastaafishwa kwa sababu ya afya.

Muhula mmoja! Maisha yake yote yaliwekwa ndani ya muhula mmoja, na ufunguo akapewa nani? Mimi.

Ni yeye mwenyewe aliyenipendekeza. Alimwambia Mkuu kwamba Baba Mdogo anapiga taipu kuliko vijana wote wa Mbale, na kwamba anahitaji mtu anayeweza kumwamini. Nikapanda gari kutoka Jinja na sanduku langu, nikapewa chumba cha mbele katika nyumba yake. Asubuhi alinichemshia chai yeye mwenyewe, akipima maji kwa kidole.

Niwaeleze ile kazi, maana bila kuielewa hamtaona ubaya wangu. Ukipiga picha ukurasa wa kitabu na kuuweka kwenye kompyuta, mashine ya kusoma haisomi kitu. Kwake ule ni ukuta tu. Lazima maneno yaandikwe upya, vichwa vya habari vionyeshwe kuwa ni vichwa, majedwali yapangwe. Na kila mchoro una kisanduku chake kisichoonekana, ambamo mtu mwenye macho anaandika ni nini kilichochorwa. Asiyeona akifika kwenye mchoro, anabonyeza, na mashine inamsomea yaliyomo kisandukuni humo. Mwisho kuna programu ya kukagua. Kisanduku kikiwa kitupu inatia alama nyekundu. Kikijazwa, inatia alama ya kijani.

Lakini programu hiyo haijui kama umeandika kweli au uongo. Inajua tu kwamba umeandika.

Wiki za kwanza nilifanya kazi safi, Mungu ni shahidi. Mchoro wa kwanza ulikuwa wa mbegu ya maharagwe iliyopasuliwa, nao tuliuandika pamoja mchana mzima. Nilikuwa nikimwambia ninachokiona, naye ananikatiza. “Hapana, Baba Mdogo, usiniambie ni nzuri. Niambie A iko wapi.” Tukaandika: mbegu ya maharagwe iliyopasuliwa katikati, A ni ganda la nje, B ni mche mchanga, C ni chakula cha akiba. Alipobonyeza na kusikia mashine ikisema hayo, alipiga makofi kama mtoto. “Naiona!” alisema. “Baba Mdogo, naiona! Sasa zote ziwe hivi.”

Zote zilikuwa zaidi ya mia moja.

Baada ya mbegu yakaja majani na mizizi, nayo niliyaweza. Kisha ukaja mwili wa binadamu. Sikio. Figo. Moyo na mishipa yake, mishale ikiingia na kutoka, herufi zimetapakaa kila upande. Mimi shuleni nilikuwa mtu wa historia na dini. Nilikuwa nikitazama mchoro nusu saa na bado sijui kama nimeushika miguu juu au chini!

Kulikuwa na mkufunzi kijana wa sayansi, mlango wa pili kutoka ofisi niliyopewa. Siku moja alisimama mlangoni akasema, “Afande, ukikwama niite, usione haya.” Nilimjibu kwamba mimi nilikuwa naandika ripoti za magereza kabla baba yake hajaoa. Akacheka, akaenda zake. Hakurudi tena. Angerudije?

Na kuna jambo jingine, nalo nitalisema ingawa linanifedhehesha. Nilikuwa na mchumba. Ndiyo, katika umri ule! Alikuwa mjane wa Bugembe, jirani na Jinja, muuza vitenge na leso kando ya barabara kuu. Nitamwita Zaituni. Mwanamke mcheshi, mwenye maneno matamu, na mimi nilikuwa nimekaa mpweke miaka mingi. Kwanza nilikuwa namtembelea Ijumaa jioni. Baadaye nikawa naondoka Mbale Ijumaa asubuhi ili nisali swala ya Ijumaa Bugembe. Baadaye nikawa naondoka Alhamisi. Sauda aliuliza mara moja tu kama kazi haibaki nyuma. Nilimwambia, “Mwanangu, hii kazi inataka kichwa kilichopumzika.” Akaniombea dua ya safari.

Muhula ukaisha mikononi mwangu. Wiki moja kabla ya wakaguzi, nilikuwa na michoro zaidi ya themanini mitupu, na alama nyekundu zimejaa skrini kama surua.

Nilijaribu kuandika “picha” katika kila kisanduku. Programu ikakataa, ikasema maelezo hayatoshi. Nikakaa nikifikiri... Kisha nikachukua yale maelezo ya mbegu ya maharagwe, yale tuliyoyaandika naye kwa furaha, nikayanakili. Nikayabandika kwenye kisanduku cha sikio. Alama ikawa ya kijani. Nikayabandika kwenye figo. Kijani. Nikayabandika kwenye moyo. Kijani! Kabla ya adhuhuri skrini nzima ilikuwa kijani kama shamba la mpunga, na mimi nikaenda kula.

Nilijiambia nitarudi kurekebisha. Wasomaji, nililiamini kabisa neno hilo. Lakini Alhamisi ikafika, na Bugembe ikaniita.

Nilirudi Jumatatu mchana, wakaguzi wanakuja Jumanne. Sauda alikuwa ameshasikiliza maandishi yote mara mbili. Kwa michoro alikuwa akiningoja mimi. Aliniuliza, “Umesikiliza zote, Baba Mdogo? Nikae nizipitie?” Hapo mlango ulikuwa wazi. Ningesema, mwanangu, kuna shida, twende kwa yule kijana tuandike hata kumi tu za somo la kesho. Zingetosha! Badala yake nilisema, “Nimezisikiliza moja moja. Wewe pumzika, kesho una wageni.”

Akasema, “Basi kama masikio yako yamesikia, na yangu yamesikia.”

Jumanne asubuhi alivaa gauni la bluu na mtandio mweupe. Wakaguzi watatu walikaa nyuma, na Mkuu wa chuo pamoja nao. Mimi nilikuwa pembeni nikisimamia projekta. Somo lilikuwa moyo na mzunguko wa damu.

Alianza vizuri mno. Moyo wenyewe aliujua tangu zamani, hakuhitaji mtu wa kumwambia. Alitembea mbele ya darasa bila kugusa meza, aliuliza, alitania, alimtambua kila mwanafunzi kwa sauti yake. Niliona mkaguzi mmoja akitikisa kichwa kwa mshangao. Nikajipa moyo kwamba labda hatahitaji michoro.

Kisha mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono, akakumbuka kwamba haonekani, akasema, “Mwalimu, pale ukutani, C ni nini?”

Mchoro ule ulikuwa mpya. Ulichapishwa baada ya macho yake kwenda, naye hakuwa na njia ya kujua C imewekwa wapi. Akatabasamu. Akageuka upande wa wakaguzi akasema angependa wasikie jinsi anavyofanya kazi siku hizi, na akachomoa waya wa masikioni ili sauti itoke kwenye spika za darasa.

Akabonyeza.

Mashine ikasema, kwa ile sauti yake kavu, kwamba hii ni mbegu ya maharagwe iliyopasuliwa katikati, na C ni chakula cha akiba.

Sauda akasema, “Samahani, nimefungua ukurasa mwingine.” Akasogea kwenye mchoro wa pili. Mbegu ya maharagwe. Akarudi nyuma. Mbegu ya maharagwe. Vidole vyake vikaanza kwenda haraka, mbele, nyuma, mbele, na kila alipogusa mashine ikasema maharagwe, maharagwe... Sauti moja kutoka nyuma ikasema, “Huo ni moyo wa mwanafunzi wa bweni!” Darasa likalipuka! Mnajua wenyewe, bwenini chakula ni posho, yaani ugali, na maharagwe mwaka mzima. Hata mkaguzi mmoja alificha mdomo.

Sauda alisimama pale, mikono juu ya kompyuta, jasho likimtoka chini ya mtandio. “Nimepotea,” alisema taratibu. “Niwieni radhi, nimepotea.”

Na mimi? Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Nilizima projekta.

Saa nane mchana Mkuu alituita ofisini, sisi wawili tu. Alifungua ile programu ya ukaguzi. Kijani tupu. Akaniuliza, “Afande, niambie kama mtu mzima. Kazi hii imekamilika au haikukamilika?”

Nilifikiria aibu, nilifikiria umri wangu, nilifikiria Zaituni akisikia. Nikasema, “Madam, imekamilika kama unavyoona. Nadhani alibonyeza vibaya. Unajua hali yake... mtu akiwa na wasiwasi, vidole vinakwenda popote.”

Sauda aligeuza uso wake kwangu. Macho yale yasiyoona yalinitazama hapa kifuani. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujifunza, “Kweli nilibonyeza vibaya, Baba Mdogo?”

Nikasema, “Ndiyo, mwanangu. Ulibonyeza vibaya.”

Akaamini! Kwa nini asiamini? Mimi ndiye niliyekuwa macho yake.

Mwezi huohuo alistaafishwa. Barua ilisema kwamba ameshindwa kumudu vifaa alivyopewa. Aliniomba nimsomee, nami nikamsomea, neno kwa neno, kwa sauti isiyotetemeka. Akarudi nyumba ya baba yake Mpumudde. Mimi nikabaki Mbale. Tena nikasifiwa! Kwa sababu ya ile kijani, nilipewa na masomo ya wakufunzi wengine niyaandae kwa ajili ya wanafunzi wasioona watakaokuja, na huko pia, Mungu anisamehe, palipokuwa na mchoro mgumu nilibandika chochote kilichopita. Mkuu alinisifu kikaoni. Nilisimama nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Ulipita mwaka na zaidi. Nilikuwa nikimpigia simu, naye akijibu kwa adabu, maneno machache. Sikukuu ya Idi nilikwenda Mpumudde. Wasomaji, sikumtambua yule mtu.

Sauda niliyemjua alikuwa akitembea na fimbo yake hadi sokoni Nabuyonga na kugombana na wauza nyanya juu ya nyanya zilizooza. Huyu alikuwa haendi hata dukani. Akimimina chai, alimwita jirani aje aone kama kikombe kimejaa. Akifunga mlango, alirudi kuugusa mara tatu. Nilimwona amekaa kwenye mkeka, vidole vikigonga hewani juu ya goti, kama anayebonyeza vitufe. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema, “Natafuta nilipokosea. Sijapapata.”

Nikiwa nimekaa pale akaingia mwalimu wa shule ya msingi ya jirani, mama mtu mzima. Alikuja kuomba msaada wa somo la damu, maana alisikia hapa kuna mtaalamu. Sauda akamwambia, “Dada yangu, tafuta mwingine. Mimi nitakuchanganya. Kichwa changu hakikai mahali pamoja tena.” Yule mama akaondoka na daftari lake kifuani.

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yangu. Si macho tu aliyokuwa amepoteza! Macho yalichukuliwa na ugonjwa. Lakini imani ya vidole vyake mwenyewe, ya akili yake mwenyewe, hiyo niliichukua mimi. Niliichukua ofisini, mchana kweupe, kwa maneno mawili.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, maharagwe, Alhamisi, Zaituni, yule kijana wa mlango wa pili. Nililia. Nilingoja anitukane, anifukuze, anilaani kwa jina la baba yake.

Badala yake akauliza, “Kwa hiyo vidole vyangu havikukosea?”

Nikasema havikukosea.

“Hata mara moja?”

“Hata mara moja, mwanangu.”

Akaweka mikono yake usoni, akaanza kulia, na nikaona kwamba analia kwa nafuu. Kwa nafuu! Kama mtu aliyetolewa jela. Nimeona watu wengi wakitolewa jela maishani mwangu, najua sura hiyo. Heri angenipiga kofi...

Nilipomwomba msamaha, alifuta uso akasema, “Ulinisingizia mbele ya watu. Usije kuniomba msamaha peke yangu hapa mkekani. Nenda kaseme kulekule uliponisingizia, halafu tutaona.”

Nilikwenda. Kikao cha wakufunzi wote, nilisimama nikasema. Mkuu alivua miwani yake akaiweka mezani na hakuivaa tena mpaka nilipomaliza. Mkufunzi mmoja akasema, “Afande, kumbe umetulisha maharagwe mwaka mzima!” Hakuna aliyecheka. Yule kijana wa sayansi akaanza kufungua masomo yake papo hapo, ukurasa baada ya ukurasa, na uso ukawa unambadilika. Siku hiyohiyo nikaambiwa nifunge sanduku.

Zaituni nilimweleza mwenyewe, kabla hajasikia kwa wengine. Alikuwa akikunja leso. Alisema bila kuinua macho, “Bwana, kama mtoto wa kaka yako ulimfanyia hivyo, mimi wa pembeni utanifanyia nini?” Tukaishia hapo.

Chuo kilimwandikia Sauda barua ya kufuta ile ya kwanza. Ilisema kosa halikuwa lake. Lakini nafasi yake ilikuwa imeshapewa mtu mwingine, na mtu huyo hana hatia, hawezi kufukuzwa kwa ajili ya dhambi yangu. Ukweli wangu ulifika, lakini ulifika umechelewa. Barua aliisomesha kwa jirani.

Sasa chuo kingine kimemwita kwa usaili. Nilisikia kwa watu. Nikaenda, nikamwambia niko tayari kumwandalia michoro yote upya, bure, usiku na mchana, nitaketi na mtaalamu, nitauliza kila herufi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanishukuru kwa kwenda kusema kule Mbale. Kisha akaniomba jambo moja tu: nisiguse karatasi zake. Yule mwalimu wa shule ya msingi anamsomea michoro, na Sauda anaandika kwa mkono wake mwenyewe.

Nilisema sawa. Ningesema nini kingine?

Ndugu zangu mnaofanya kazi hizi za kompyuta, mnaowaandalia wakufunzi na wanafunzi wasioona masomo yao, nawasihi. Msiridhike na alama ya kijani! Fumba macho, bonyeza, usikilize. Ukikuta hujaelewa mchoro, simama, nenda mlango wa pili, uliza, hata kama unayemuuliza ni mdogo kuliko mjukuu wako. Aibu ya kuuliza ni ya dakika tano. Yangu mimi nitazikwa nayo.

Na zaidi ya hayo, mtu anayekutegemea akikuuliza, “Je, nimekosea?”, naye hakukosea, mwambie palepale. Usingoje mwaka. Usingoje hata kikao kiishe. Mimi ningeweza kusema nikiwa bado nimeketi kwenye kile kiti cha ofisini kwa Mkuu, na Sauda leo angekuwa darasani Mbale, akimtania mwanafunzi aliyechelewa. Nilikaa kimya, na sasa nakaa Mpumudde, nyumba ya tatu kutoka kwake. Mchana, dirisha likiwa wazi, namsikia akiuliza, “A iko wapi? Na B?”, na mtu mwingine anamjibu.